Darubini ya Bumu

Sisi Wapare tunasemwa kwa ubahili. Kwa hiyo siku nilipowaambia wenzangu wa hosteli kwamba nusu ya bumu langu imeishia kwenye darubini ya kutazamia Jua, walicheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta. "Jua lenyewe la bure, wewe unalilipia?" Sasa wawili kati yao wananifuata kimyakimya kuuliza wanunue ipi. Najibu hapa ili nisirudie, na ili mtu asije akafanya kosa langu.

Habari hii ilianzia Kwakoa, kwa bibi, kule tambarare chini ya milima ya Upare, ambako Jua halitafutwi, lenyewe linakutafuta. Tarehe 16 Februari 1980 kivuli cha Mwezi kilivuka Tanzania kikaingia Kenya kupitia pande za Taita, na Kwakoa ikawa njiani. Bibi husimulia jinsi kuku walivyorudi bandani saa tano asubuhi. Lakini yeye alikuwa ndani. Baba mkwe wake aliwafungia wote, madirisha yakazibwa kwa magunia, kwa kuwa ilisemekana atakayetazama atapofuka. "Giza nililiona," husema. "Jua ndilo sikuliona."

Nikajiapiza kumwonyesha. Septemba 2024, kabla ya likizo, nikanunua darubini ya lenzi ya milimita 70 katika duka moja mjini. Ndani ya boksi kulikuwa na kioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa kuwa ni cha Jua. Nikafurahi, nimepata vyote kwa bei moja.

Nikaisimika uani saa sita mchana. Hilo lilikuwa kosa la kwanza: kwetu, kuelekea mwanzo wa Oktoba, Jua la adhuhuri husimama karibu kabisa juu ya utosi, na bomba likielekezwa huko linagonga miguu ya stendi. Nilihangaika, nikalipata. Mtoto wa shangazi, miaka tisa, akawa wa kwanza kwenye foleni. Alitazama kidogo, akageuka kumwita mwenzake. Hapo hapo nikasikia *tak!* Kile kioo cheusi kilikuwa kimepasuka katikati, na mwanga mweupe unamwagika mahali jicho lake lilipokuwa punde tu.

Sikulala vizuri usiku ule. Hesabu yake ni rahisi: lenzi ya mbele inakusanya mwanga wote na kuubana mahali padogo karibu na jicho. Ukiweka kichujio huko nyuma, umekiweka jikoni. Joto linakipasua bila taarifa. Na retina haina maumivu. Inaungua, wewe huhisi kitu, mpaka baadaye unapoona doa lisiloondoka.

Kwa hiyo wenzangu, sharti la kwanza si ukubwa wa darubini, ni mahali pa kichujio. Kinakaa mbele, kinafunika mdomo wote wa bomba, ili mwanga upunguzwe kabla ya kuingia. Karatasi maalumu ya kichujio cha Jua, kama AstroSolar ya Baader, hupitisha sehemu moja tu kati ya laki moja za mwanga. Niliiagiza, nikaitengenezea fremu ya manila, nikaibana kwa gundi ya karatasi isidondoke kwa upepo. Kila asubuhi naiinua na kuitazama kama kuna tundu. Ikiwa na tundu, siku imeisha. Ile darubini ndogo ya kulengea niliing'oa kabisa; nalenga kwa kivuli cha bomba, kikiwa kifupi kuliko vyote, Jua limeingia. Na miwani ya kupatwa kwa Jua ni ya macho matupu, haivaliwi ukitazama kwenye darubini.

Kuhusu aina: lenzi ya milimita 60 hadi 80 inamtosha mwanafunzi. Zipo zinazoonyesha ndimi nyekundu za moto pembezoni mwa Jua, lakini bei yake ni ya mamilioni. Zipo pia kama Seestar S50, inayokuja na kichujio chake, inalitafuta Jua yenyewe na kupiga picha. Ukiwa nazo hela, sawa. Mimi natumia lenzi ya jicho ya milimita 25, Jua zima linaenea, na simu naifunga kwa kishikio. Gusa Jua kwenye skrini, shusha mwanga mpaka madoa yatokeze, weka sekunde tatu za kusubiri ili kidole kisitikise. Piga saa mbili au tatu asubuhi, kabla ardhi haijachemka na picha kuanza kucheza.

Madoa hayakukosekana. Mwaka ule Jua lilikuwa kwenye kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi, na doa ukiliona dogo kama punje ya ulezi, huenda linaimeza Dunia yetu.

Bibi hakuweza kutazama kwenye lenzi. Ana mtoto wa jicho. Nikampa simu, nikaikuza picha. Aliishika karibu na pua, makande yakapoa.

"Kumbe na lenyewe lina madoa, kama mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi tulifungiwa bure."

Hapana, nilimwambia, hawakukosea kuogopa. Walikosa tu kichujio. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kikamilifu kule Misri. Kwetu kaskazini litamegwa kidogo, mchana. Nitakuwa Kwakoa, fremu ya manila mbele ya bomba, na mtoto wa shangazi atapanga foleni tena. Safari hii nitakikagua kichujio mara mbili.