Kazi ya Ziwani kwa Midomo ya Wazee wa Bumbire

Waliosoma historia wanaijua Bumbire, kisiwa cha Ziwa Victoria, kwa mwaka 1875. Aprili ya mwaka huo msafiri Henry Morton Stanley alitia nanga kisiwani hapo akitafuta chakula, akazozana na wenyeji, nao wakamnyang'anya makasia. Agosti akarudi na bunduki pamoja na mitumbwi ya Waganda, akawamiminia risasi watu waliokuwa wamesimama ufukweni. Habari hizo aliziandika mwenyewe. Tangu hapo Bumbire ikitajwa vitabuni, aghalabu hutajwa kwa ajili ya Stanley. Jinsi watu wake walivyovua, walivyosuka nyavu, walivyogawana samaki na kulea watoto kwa jasho la ziwani, hayo yamebaki vichwani mwa wazee. Hao ndio niliowafuata.

Ukitoka Bukoba mjini unashika lami ya kusini, unaipita bandari ya Kemondo, na migomba na mibuni inakusindikiza hadi Muleba. Kutoka hapo unateremka mpaka mwaloni, ufukweni panapofungwa mitumbwi, unapanda mtumbwi wa mashine uliosheheni mikungu ya ndizi, kreti za soda, madumu ya petroli na abiria waliobana miguu. Bumbire ni kisiwa kirefu, chenye vilima vya majani na mawe. Kule juu kuna miji ya watu wa siku nyingi na migomba yao. Huku chini, mialoni, mabati yamesongamana, na pua inapokea dagaa kabla jicho halijawaona.

Mzee wa kwanza nilimkuta kivulini, wavu umelala mapajani, sindano ya mti mkononi. Amevuka miaka themanini.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, usikanyage uzi."

Mikono yake haikusimama muda wote tuliozungumza. Uzi unapita, unazunguka, unakazwa kwa kidole gumba. Na gumba hilo lina mfereji, ngozi yake imekuwa ngumu na kung'aa pale uzi ulipopita miaka nenda rudi. Aliniambia alianza na nyavu za pamba, kabla nailoni haijaenea. Wavu wa pamba, alisema, haukumtaka mvivu: ukishautoa majini uutandaze juani siku ileile, la sivyo unaoza. Maboya yalikuwa vipande vya mti mwepesi, uzito ulikuwa mawe ya kuokota. Leo boya ni kipande cha ndala iliyokatika au dumu tupu.

Nilimuuliza kuhusu samaki wa enzi hizo. Akawataja polepole, mmoja mmoja: ngege, ningu, mumi, kamongo, na furu ambao hakuna aliyejishughulisha kuwahesabu kwa wingi wao. Kisha akanyamaza, akavuta uzi.

"Kila mtu alikuwa na kipande chake cha wavu," akasema. "Tunaviunga, tunatega pamoja. Asubuhi kilichonasa kwenye changu ni changu. Hata kijana mdogo akipata kipande chake, ni mtu."

Hapo ndipo ulipo moyo wa habari hii. Vitabu vingi vinavyolizungumzia Ziwa Victoria husimulia habari za samaki: sangara alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, akashamiri kwenye maji yetu ya Tanzania miaka ya 1980, na aina kwa mamia za furu zikatoweka. Yote hayo ni kweli. Lakini wazee wa Bumbire hupima mabadiliko hayo kwa namna nyingine. Wanauliza: wavu ni wa nani? Sangara ni samaki mkubwa, anataka nyavu kubwa, mtumbwi mkubwa, mashine na barafu, na soko lake ni viwanda vya minofu vinavyouza Ulaya. Mwenye kipande kimoja cha wavu angemfuata na nini? Akaja tajiri mwenye vyombo, na mwenye kipande akawa mfanyakazi. Samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama za mafuta na chakula, halafu tajiri anachukua fungu lake, na kinachobaki wanagawana waliokesha majini. Mwaka 1999, Ulaya ilipofunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili, bei ziliporomoka hadi mialoni. "Walikataa samaki kule," mzee alisema, "deni likalala kwangu hapa."

Sisemi zamani ilikuwa peponi. Dhoruba ziliua watu, na kodi ya kichwa ilimfuata mtu mpaka kisiwani. Sangara kwa upande wake alileta mabati, ada za shule na simu, na wazee wenyewe wanalikiri hilo. Ila wanajua walichokitoa kwa kubadilishana.

Bibi niliyemkuta akigeuza dagaa kwenye chanja hakungoja swali. "Mwanaume akishafunga mtumbwi, kazi yake imekwisha," alisema. "Yangu ndiyo inaanza." Alipokuwa msichana walitunga furu kwenye vijiti, wakawakausha kwa moshi na kuwavusha ng'ambo kubadilishana na ndizi. Baadaye wakaja dagaa wa usiku wa giza usio na mwezi, waliovuliwa kwa taa za karabai, leo taa za betri na sola. Yeye amewaanika mchangani, akawapepeta mchanga, akawakusanya mbio wingu lilipotanda. Aliokota dagaa mmoja, akamvunja katikati na kunionyesha: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda bado. Mvua moja ya ghafla, alisema, inakula mshahara wa wiki. Maisha yake yote amefanya kazi ya samaki, na hakuna hata siku moja aliyoitwa mvuvi.

Nilipomuuliza nani amerithi kazi yake, alinitajia wajukuu. Watoto wake wamelala makaburini. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kambi za wavuvi ziliumia vibaya. Kizazi ambacho kingepokea maarifa kutoka kwa wazee na kuyakabidhi kwa vijana kilikatwa katikati, bibi wakarudi kulea upya uzeeni. Ndiyo maana kijana wa leo mwaloni anaijua mashine ya Yamaha skrubu kwa skrubu, lakini kufuma wavu kwa mkono hajui, wala hajui babu yake aliwahi kumiliki kipande chake.

Maarifa haya yanaweza kuandikwa mwaka huu huu. Walimu wa Bumbire, Ikuza na Goziba, wapeni wanafunzi kazi ya kuwahoji bibi na babu zao kwa simu zilizopo majumbani. Maofisa wa utamaduni wa Muleba na Bukoba, tengeni kabati la kuzihifadhi sauti hizo. Na wewe mwenye mzee kisiwani, muulize wavu wake wa kwanza ulikuwa wa nani, na samaki waligawanywaje. Muulize na bibi, kwa maswali yaleyale.