Arete na Patasi ya Baba

Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili husikika kuanzia uani hadi barabarani. Baba ni seremala. Mwaka jana alimwondoa mdogo wangu karakanani akisema, "Huyu hafundishiki. Ufundi mtu huzaliwa nao." Nyumbani hakuna aliyembishia.

Wakati huo chuoni tulikuwa tukisoma Meno, kitabu cha Plato (ni jina la mtu, si meno ya kinywani). Kinaanza ghafla: Meno anamuuliza Socrates kama arete hufundishwa, hupatikana kwa mazoezi, au mtu huzaliwa nayo. Tafsiri yetu ya Kifaransa iliandika vertu, nami nikaiita "wema". Nikajaza kurasa sita kuhusu adabu, malezi na dini. Mdogo wangu hakunijia akilini hata mara moja.

Mhadhiri alinirudishia kazi ikiwa na swali pembeni: "Je, macho nayo yana adabu?" Sikuelewa. Akanifungulia kitabu cha kwanza cha Jamhuri, kwa Kigiriki. Tulisoma neno kwa neno, maana bado nilikuwa nachanganya herufi. Hapo Socrates anaeleza kwamba kila kitu kina kazi yake. Matawi ya mzabibu yaweza kukatwa kwa visu vingi, lakini hakuna kinachoyakata vizuri kama kisu kilichoundwa kwa kazi hiyo. Kisha anasema chenye kazi kina arete yake: macho yana yao, masikio yana yao. Neno ni lilelile! Arete ni ubora unaokiwezesha kitu kuifanya kazi yake vyema. Uadilifu umo ndani yake, ila haulimalizi neno.

Basi Meno alikuwa akiuliza swali la nyumbani kwetu.

Jumamosi nilimkuta baba akinoa patasi. Nikamsimulia, kisha nikamuuliza: "Baba, ubora wa fundi hufundishwa, au huzaliwa nao?" Aliendelea kunoa. Baada ya muda akasema, "Babu yako alinifukuza mimi mara mbili."

Mwishoni mwa Meno, Socrates anasema hatutajua kwa hakika arete inapatikanaje kabla ya kuchunguza arete yenyewe ni nini. Mimi pia sina jibu. Mdogo wangu amerudi karakanani. Kwa sasa anapiga msasa tu. Lakini najua kwamba ningebaki na "wema" wangu, nisingemuuliza baba.