Umejuaje Kwamba Hapa ni 4?

Nilianza kujaza sudoku mwaka 2006, nikiwa mwajiriwa mpya katika ofisi moja ya Posta, Dar es Salaam. Gazeti la Kiingereza lililetwa kila asubuhi kwa ajili ya mkurugenzi, lakini kabla ya kupanda ghorofani lilipitia masjala. Mzee aliyetunza mafaili pale alitoa kopi ya ukurasa mmoja tu, ule wenye fumbo. Habari za siasa na mpira alimwachia mkurugenzi. Kopi tuligawana, na saa ya chai kila mmoja alikuwa na penseli na kifutio chake mezani.

Kanuni mzee alizimaliza kabla chai haijapoa. Jedwali lina vyumba 81, yaani mistari 9 ya mlalo na safu 9 za wima, na limekatwa katika miraba midogo 9. Vyumba vichache vimeshajazwa. Vilivyobaki unavijaza wewe kwa namba 1 hadi 9, bila namba kujirudia katika mstari, safu au mraba mdogo. Hakuna kujumlisha wala kuzidisha. Ungeweza kuweka herufi tisa badala ya namba na fumbo lisingebadilika, kwa hiyo aliyeikimbia hesabu shuleni hana udhuru.

Kazi ngumu ilikuwa kumpita mzee mwenyewe. Alikuwa akizunguka na kikombe chake, anasimama nyuma ya mtu, anaweka kidole juu ya namba na kuuliza, "Umejuaje kwamba hapa ni 4?" Ukimjibu kwamba umekisia, anachukua kifutio na kuifuta, hata kama ni 4 kweli. Hasa kama ni 4 kweli! Alisema namba iliyopatikana kwa bahati haijapatikana bado.

Alichotaka kusikia ni maelezo ya namna hii. Tuchukue miraba midogo mitatu ya juu. Katika wa kwanza, 7 iko kwenye mstari wa kwanza wa jedwali. Katika wa pili, iko kwenye mstari wa pili. Basi katika mraba wa tatu 7 haina pa kukaa isipokuwa mstari wa tatu. Hapo kuna vyumba vitatu, viwili vimeshajazwa. Umemaliza, andika. Mafumbo magumu yalidai zaidi. Ukikuta vyumba viwili vya mstari mmoja ambavyo vyote vinakubali 2 au 5 tu, hujui ipi ni ipi, lakini unajua kwamba vyumba vingine vyote vya mstari huo haviwezi kuwa na 2 wala 5. Jambo usilolijua linakufungulia lile unaloweza kulijua. Siku nilipoliona hilo bila kuonyeshwa, sikula chapati yangu.

Wote tuliamini huu ni mchezo wa kale wa Wajapani. Baadaye nikasoma kwamba fumbo hili lilichapishwa Marekani mwaka 1979, katika jarida la kampuni ya Dell, na mtunzi wake anaaminika kuwa Howard Garns, msanifu majengo wa jimbo la Indiana. Garns alifariki mwaka 1989, dunia ikiwa haijamjua. Wajapani walilichukua mwaka 1984 kupitia jarida la Nikoli la Maki Kaji, wakalipa jina la sudoku na kulitunga kwa mkono, vyumba vya kuanzia vikipangwa kwa ulinganifu na visizidi 32. Kisha Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong mzaliwa wa New Zealand, aliliona katika duka la vitabu jijini Tokyo mwaka 1997, akatumia takriban miaka sita kuandika programu ya kompyuta ya kutunga mafumbo hayo. Gazeti la The Times la London lilianza kulichapa tarehe 12 Novemba 2004. Gould aliwapa wenye magazeti mafumbo yake bure, na cha bure hakikosi wateja. Haikushangaza kwamba baada ya muda mfupi lilikuwa limefika hadi masjala yetu.

Imani ya mzee kwamba kila namba ina sababu yake ilisimama juu ya jambo moja: fumbo lililotungwa sawasawa lina jibu moja tu. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin waliitumia kompyuta kuthibitisha kwamba ukiwapa watu namba 16 tu za kuanzia, jibu haliwezi kuwa moja. Lazima zifike 17. Mzee alikuwa ameshastaafu habari hiyo iliponifikia. Nadhani angeuliza wamejuaje.

Siku hizi nacheza kwenye simu, kama wengi ninaowaona kwenye mabasi ya mwendokasi. Sitaidharau simu. Mafumbo hayaishi, karatasi haitoboki kwa kufutwa, na mbinu ambazo sisi hatukuwa na majina yake zinaelezwa vizuri kwa anayetaka kujifunza. Hata saa inayohesabu sekunde naivumilia.

Nisichokivumilia ni rangi nyekundu inayojitokeza papo hapo ukikosea. Kwenye karatasi, 4 ya uongo ilinyamaza. Uliendelea kujaza ukidhani mambo ni mazuri, hadi huko mbele namba mbili zigombane na usijue ugomvi ulianzia wapi. Ndiyo maana ulijifunza kutoandika kitu usichoweza kukitetea. Simu inayokuambia kwamba umekosea imeshakupa sehemu ya jibu, na mchezaji anajaribu 4, anajaribu 6, anajaribu 9, mpaka rangi itulie. Amejaza jedwali, lakini sudoku hajacheza.

Programu nyingi zina sehemu ya kuzima onyo hilo katika mipangilio. Lizime kabla ya kuanza fumbo la kesho.