Alama ya Maji Ukutani

Mto Msimbazi huanza safari yake katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya Dar es Salaam, na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Kabla ya kufika huko hupita penye bonde liitwalo Jangwani. Jina hilo ni la mahali pasipo maji. Lakini kwa miaka mingi mvua zilipozidi Jangwani paligeuka ziwa. Katika mafuriko ya Desemba 2011 watu wapatao 40 walipoteza maisha yao jijini, na maelfu wakakosa makao.

Mwanafunzi mmoja wa mipango miji aliyajua mambo hayo kwa moyo. Alijua pia kwamba sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo, na ile ya 2022 watu 5,383,728. Siku alipoulizwa darasani maana ya ongezeko hilo, alisoma tarakimu zile zile kwa sauti kubwa zaidi. Wenzake walisikia, wala hawakuelewa. Mwalimu hakumlaumu, alimwuliza tu, "Watu hao wanalala wapi mvua ikinyesha?"

Swali hilo lilimtoa darasani. Tangu 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa jiji walikuwa wamefanya kazi katika mradi wa Ramani Huria: walichora nyumba, njia na mitaro katika ramani iliyo wazi kwa kila mtu, wakawauliza wenyeji maji hufika wapi. Kijana naye alichukua futi ya kupimia na daftari, akashuka mpaka kwenye kijito kimoja kimwagacho maji yake Msimbazi. Uani alimkuta mama mtu mzima akipepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetumwa na nani?"

Alijieleza. Bibi akamwonyesha mstari wa matope uliokauka ukutani. Kijana akapima, akaandika: sentimita 110. Alipokuwa akifunga daftari, bibi akamwuliza, "Na hesabu hiyo itarudi hapa ikiwa mtaro, au ikiwa rangi nyekundu?"

Kijana hakuhitaji kufafanuliwa. Mwishoni mwa 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilitiwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na baadhi zikabomolewa. Kipimo kikisimama peke yake husema neno moja tu: hapa pana hatari, watu waondoke. Kikiwekwa pamoja na wenzake, yaani taka zilizoziba mtaro, mabati na lami za mitaa ya juu zisizoiacha mvua izame ardhini, na kodi nafuu iliyomleta bibi mahali pale, husema kwamba maji hayo yamekusanywa na jiji zima, na mzigo wake umeachiwa nyumba chache.

Hata hivyo ingekuwa hiana kuificha hatari kwa ajili ya huruma. Maji ya kina hicho humzamisha mtoto mdogo. Msimulizi mwaminifu hana budi kuyasema yote mawili: kwamba nyumba nyingine haziwezi kuokolewa, na kwamba wenye nyumba hizo wana haki ya kujua watakwenda wapi. Baada ya 2011 baadhi ya waathirika walipelekwa Mabwepande, mbali na katikati ya jiji. Na umbali huo nao ni tarakimu ipasayo kuingizwa katika hesabu.

Kijana aliporudi darasani hakuanza na sensa. Alipima sentimita 110 kutoka sakafuni, akapiga mstari wa chaki kuzunguka kuta nne. Wenzake waliokaa vitini waliutazama, wakaona umewafika shingoni. Kimya kikapita. Kisha mmoja akauliza, "Maji yote haya yanatoka wapi?"

Ndipo alipokunjua ramani.