Oili Inayoongezeka Si Baraka



Ndugu zetu, wengi wanajua kwamba oili ya injini ikipungua ni hatari. Sisi tuliohamia Njoro kutoka Mombasa tumeshuhudia ugonjwa wa kinyume: oili inayoongezeka bila ya mtu kuitia. Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia katika gari letu dogo la petroli lenye tabo, oili ilikuwa imepita alama ya juu, nyepesi, nayo inanuka petroli.

Sababu yake ni hii. Katika injini nyingi za zamani, petroli huchanganyika na hewa kabla ya kuingia katika silinda. Katika injini za aina hii, hupulizwa ndani ya silinda moja kwa moja, kwa nguvu kubwa. Chuma kikiwa baridi, sehemu ya petroli haigeuki mvuke. Hunata kwenye kuta za silinda, ikapenya kando ya ringi za pistoni hadi kwenye oili. Injini ikipata moto na kwenda mwendo mrefu, petroli hiyo hugeuka mvuke, ikavutwa tena na kuchomwa. Ikizimwa mapema, hubaki humo, na kesho huongezeka nyingine. Oili hupoteza uzito wake, na vyuma vinavyoitegemea, hasa mhimili wa tabo unaozunguka kwa kasi mno, huanza kulika.

Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za makoti. Safari yetu ya kupeleka watoto shule haifiki dakika kumi. Wala jambo hili si la Njoro peke yake: mwaka 2018, huko China, malalamiko ya oili kupanda katika majira ya baridi yaliilazimu Honda kusimamisha kwa muda uuzaji wa CR-V mpya.

Tiba yake si ngumu: kubadilisha oili mapema kuliko kawaida, kutumia uzito ulioagizwa na watengenezaji, na kulipa gari safari ndefu mara kwa mara, japo ya kufika Nakuru mjini na kurudi.

Hata hivyo, gari hili halilingani na maisha yetu ya huku, na tumeazimia kuliuza. Dalali ametushauri tutie oili mpya kisha tunyamaze; mnunuzi akichomoa kijiti ataona oili safi, katika kiwango chake.

Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta majimaji. Muuzaji akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Petroli iliyojificha ndani ya oili ni umajimaji ule ule wa chini ya lundo.

Bei itashuka, na fedha hizo tulizihesabia karo ya muhula ujao. Lakini tumeafikiana nyumbani kwamba mnunuzi ataelezwa yote na kukabidhiwa risiti za oili. Huenda akawa ni mtu wa safari ndefu, gari likamfaa kuliko lilivyotufaa sisi.

Mwenyezi Mungu aturuzuku cha halali, japo kichache. Wabillahi tawfiq.