Nilivyolala Navyo Barafu

Mara ya kwanza kulala kambi ya Barafu, Mlima Kilimanjaro, mwaka 1998, nikiwa mpagazi, nilikuwa na sweta la mitumba kutoka soko la Memorial mjini Moshi, blanketi moja na raba zilizotoboka. Shati lilikuwa limelowa jasho la mzigo wa siku nzima. Nikajitupa nalo hemani. Mpishi wetu, mzee wa Marangu, akanishika sikio: "Wewe kijana, vua hilo shati kabla halijaganda." Akanipa magazeti ya kutandika na mifuko miwili ya rambo nivae juu ya soksi. Blanketi nililotaka kujifunika akalikunja, nusu ikaenda chini. "Ardhi ndiyo inayonyonya joto, mwanangu."

Pale ni zaidi ya mita 4,600. Sikulala, lakini vidole ninavyo vyote kumi.

Mwaka 2003 ukaanza mradi wa kuwasaidia wapagazi, mjini Moshi. Tukawa tunaazima makoti na viatu vya maana bila malipo. Rambo zenyewe zilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, na sijasikia mpagazi aliyezililia.

Nilipokuwa kiongozi wa wageni, shida ikahama kutoka mwilini hadi kwenye vifaa. Zamani nililala na viatu tu, visigande. Sasa begi la kulalia limekuwa duka: simu, betri za tochi, chupa ya maji moto ndani ya soksi, mtungi mdogo wa gesi. Mtungi ukilala nje, alfajiri jiko linawaka kinyonge na wageni wananuna. Jiko la mafuta ya taa lilinuka mpaka kwenye ugali, lakini halikuhitaji kubembelezwa. Chupa za kunywea tunazisimamisha kichwa chini. Maji huanza kuganda juu, kwa hiyo asubuhi ukigeuza chupa, mdomo uko wazi.

Betri ndizo wageni hawaamini. Mmoja alifika Stella Point jua likichomoza, simu inaonyesha asilimia 40. Kuitoa apige picha, ikazima. Karibu alie. Nikaichukua, nikaifumbata kwapani ndani ya koti, tukaendelea polepole. Kileleni Uhuru, mita 5,895, nikaiwasha, ikawaka.

Alinishukuru sana. Ila kabla ya kupiga picha aliifuta kwanza kwenye suruali, mara mbili.