NILIMWEKEA MSHIKAJI KARANGA KWENYE MBOGA MAKUSUDI, MPAKA LEO INANIUMA

Leo sina ubuyu wa staa yeyote. Ubuyu wa leo ni wangu mwenyewe.

Kuna jamaa mmoja, jina namhifadhia. Kama unahudhuria harusi za Nzega au Tabora mjini, huenda ushamwona kashika maiki, watu wanacheka hadi machozi. Akiletewa sahani, swali lake la kwanza ni, "Dada yangu, humu kuna karanga?" Ukumbi wote unacheka. Mimi huwa sicheki.

Tulisoma wote sekondari kule Bukene. Sasa mtu wa kwetu unajua, karanga ziko kila mahali. Mchicha unaungwa karanga, mlenda karanga, matobolwa unatafuna na karanga, hata unga wa uji wa lishe zimo. Halafu mtu anakwambia ana aleji nazo! Tukaona anadeka tu. Tukambatiza jina, "Mzungu".

Tukiwa fomu tu, siku hiyo zamu ya jikoni ilikuwa yangu. Nikachota karanga za kutwanga, kijiko kimoja tu, nikamchanganyia kwenye mchicha wake ili nione kama ni kweli.

Dakika kumi hazikuisha. Midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka, akaanza kukohoa na kuvuta pumzi kama mtu anayekabwa. Mmoja akasema karogwa, mwingine akakimbilia maziwa. Bora mwalimu wa zamu, alimpakiza kwenye bodaboda mpaka kituo cha afya, akachomwa sindano ya adrenalini. Akapona.

Nilikaa kimya wiki mbili nzima. Nilipokuja kumwambia, akanijibu taratibu, "Nilijua ni wewe. Wenzako wote walikuwa wanakula, wewe ulikuwa unaniangalia mimi."

Jamani, hiyo sentensi sijawahi kuisahau.

Baada ya pale mama mpishi akawa anamtolea mboga yake kabla hajaweka karanga, kwenye sufuria yake na mwiko wake. Maana kumbe hata ukizichemsha au ukizikaanga bado zinamdhuru, na mabaki ya kwenye mwiko tu yanaweza kumletea balaa. Darasa zima tukafundishwa dalili: akivimba au akikosa pumzi, hakuna kusubiri vidonge wala maziwa, ni hospitali mbio. Hayo yote hayakuhitaji bajeti yoyote. Yalihitaji tu tumwamini.

Kwa hiyo wewe mwanafunzi, na wewe mwalimu unayesoma hapa: mtoto akikwambia chakula fulani kinamdhuru, usimpime. Mwingine hatapata bahati aliyopata mshikaji wangu.

Na wewe ndugu yangu, popote ulipo na maiki yako, nisamehe tena.

Je, shuleni kwenu alikuwepo mwenye aleji ya chakula? Mlimchukuliaje? Dondosha komenti yako hapo chini.